Kiwanja cha urithi chenye "hati ya serikali ya mtaa": jibu langu kwa mleta mada

Mleta mada anauliza hivi: amepata kiwanja Chanika, Dar es Salaam, mita 20 kwa 25. Dalali anamwambia "kimepimwa na kina hati ya serikali ya mtaa". Muuzaji ni kijana aliyerithi kwa marehemu baba yake, na wanataka pesa yote ilipwe kesho mbele ya wakili. Anataka kujua tofauti ya hati, ofa, leseni ya makazi na mauziano, na kama muhuri wa wakili unatosha.

Muhuri wa wakili hautoshi, mkuu. Nimefanya ukarani kwenye ofisi ya wakili hapa Dar miaka mingi, kazi yangu ikiwa kuzungusha mafaili kati ya ofisi ya ardhi, mamlaka ya mapato (TRA) na mahakamani, kwa hiyo haya nimeyaona yakipita mezani. Wakili anaposhuhudia mkataba wa mauziano anathibitisha kwamba waliosaini walifika mbele yake wakasaini kwa hiari yao. Hathibitishi kwamba kiwanja ni cha muuzaji. Ukitaka akuchunguzie umiliki, hiyo ni kazi nyingine, unamlipa kwa ajili yake na anakupa majibu kwa maandishi. Na awe wakili wako, si yule aliyetafutwa na dalali.

Nianze na msingi, maana bila huu mengine yote yanachanganya. Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Ndivyo ilivyo kwenye Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za 1999. Unachonunua ni haki ya kuimiliki kwa muda na kwa masharti, pamoja na kilichoendelezwa juu yake. Kwa hiyo kila karatasi utakayoonyeshwa iulize: haki hii ilitolewa na nani, na huyo aliyeitoa alikuwa na mamlaka ya kuitoa?

Hati miliki inatolewa na serikali kupitia Kamishna wa Ardhi na kuandikishwa kwa Msajili wa Hati. Ina muda wake, mara nyingi miaka 33, 66 au 99, ina matumizi yaliyotajwa (makazi, biashara, na kadhalika), na ina kodi ya pango la ardhi ya kila mwaka. Kodi hiyo watu wanaichanganya na kodi ya majengo, ile ambayo tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU (umeme wa kulipia kabla). Ni vitu viwili. Kiwanja kitupu hakina kodi ya majengo, lakini kama kimemilikishwa kinadaiwa pango hata kama ni pori tupu, na deni hilo litakufuata wewe mnunuzi siku ukitaka kuhamisha jina.

Ofa ni barua ya toleo: serikali inakwambia tumekupa kiwanja namba fulani, kitalu (bloku ya viwanja) fulani, lipia gharama hizi ukubali masharti. Ina nguvu yake, lakini bado hujaingia kwenye daftari la Msajili. Hapo ndipo kesi za kiwanja kimoja watu wawili zilipozaliwa kwa wingi, kila mmoja akiwa na ofa yake mkononi. Mahakama ya Rufani imeshasema kwamba watu wawili wakigombea ardhi, mwenye hati iliyosajiliwa ndiye atakayechukuliwa kuwa mmiliki halali, mpaka ithibitike kwamba hati hiyo haikupatikana kihalali. Kwa hiyo ukinunua kiwanja chenye ofa, usikae nayo kabatini. Maliza umilikishaji.

Leseni ya makazi ni ya maeneo ya mjini yasiyopangwa. Ni ya muda mfupi, inahuishwa, na inatambulika kiasi kwamba baadhi ya benki huipokea kama dhamana. Lakini si hati miliki, hata dalali akiitamka kwa sauti nzito namna gani.

Sasa hiyo "hati ya serikali ya mtaa". Haipo. Ulichoonyeshwa ni karatasi ya mauziano iliyogongwa muhuri wa ofisi ya mtaa, na pale mwenyekiti ni shahidi tu: anasema namfahamu huyu, na eneo hili nalijua. Watu wengi wanakosea hapa kwa sababu wamezoea ya kijijini. Kijijini hali ni tofauti kabisa. Halmashauri ya kijiji ina mamlaka ya kisheria ya kusimamia ardhi ya kijiji, ndiyo maana kuna hati ya hakimiliki ya kimila, na ndiyo maana mauzo ya ardhi ya kijiji yasiyo na idhini ya halmashauri hiyo mahakama huyatangaza kuwa batili. Mnaokimbilia Mkuranga, Kisarawe na Bagamoyo kununua ekari, muhuri wa mwenyekiti wa kijiji peke yake si idhini ya halmashauri. Ombeni muhtasari wa kikao kilichojadili na kukubali mauzo hayo. Mwenyekiti wa mtaa, kama huko Chanika, hana mamlaka hayo. Na ile asilimia ya bei wanayodai baadhi yao ili wagonge muhuri, Sheria ya Ardhi haina kifungu kinachompa mwenyekiti sehemu ya mauzo yako. Inaniuma kuona mtu anatoa mamilioni kwa shahidi, halafu analalamika kwamba ada ya upekuzi, yaani kukagua daftari la Msajili, ni pesa nyingi.

Hii haina maana uipuuze ofisi ya mtaa. Kwa kiwanja kisichosajiliwa, huko ndiko utakakojua kama eneo lina mgogoro. Nenda mwenyewe, bila dalali, siku ambayo hawakutegemei.

Kwenye "kimepimwa" nitakaa kidogo. Upimaji una hatua. Kwanza kuna mchoro wa mipangomiji uliopitishwa, unaoonyesha wapi makazi, wapi shule, wapi barabara, wapi eneo la wazi. Kisha mpimaji anapima na kuweka mawe, na ramani ya upimaji inapelekwa kuidhinishwa wizarani. Ikiidhinishwa ndipo viwanja vinakuwa na namba na kitalu vinavyotambulika. Mtu akikata shamba la baba yake vipande, akamwita fundi akachimbia nguzo za zege kwenye kona, hajapima. Zile nguzo nimeziona, nyingine zimeandikwa namba kwa rangi nyekundu kabisa, na ofisi ya ardhi hawana habari nazo. Mawe ya mpimaji yana namba inayoonekana pia kwenye ramani. Omba namba ya kiwanja na kitalu, uende nazo idara ya ardhi ya Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam (Chanika iko huko), waziangalie kwenye ramani. Namba isipokuwepo, hakijapimwa. Ikiwepo, angalia mchoro unasema nini, kwa sababu kuna watu wameuziwa uwanja wa shule.

Uliza pia umbali kutoka barabarani na bondeni. Kwa barabara kuu na za mkoa, Sheria ya Barabara ya 2007 inalinda mita 30 kila upande kutoka katikati, na kuna mahali hifadhi ni pana zaidi. Bomoabomoa ya 2017 Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara hadi Kiluvya, ilipigiwa hesabu ya mita 121.5, na zilizoanguka ni nyumba zenye umeme na maji, watu wameishi humo miaka. Mita ya umeme si ushahidi wa umiliki. Kwenye mito, Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60.

Haya, urithi. Hapa ndipo kwenye hatari kubwa ya kiwanja chako, kuliko upimaji na kuliko muhuri.

Mtu akifariki, mali yake haiwi ya mtoto mkubwa, wala ya mjane, wala ya aliyebaki akiishi pale. Inasubiri msimamizi wa mirathi. Msimamizi anateuliwa na mahakama. Kikao cha ukoo kinapendekeza jina tu, na muhtasari wake unapelekwa mahakamani kama sehemu ya maombi. Wauzaji wengi wanakuja na muhtasari huo, umesainiwa na wajomba na mashangazi, wanakwambia "familia imeridhia". Familia kuridhia ni jambo jema, lakini haimpi kijana mamlaka ya kuuza. Unachotafuta ni barua ya usimamizi, ambayo Mahakama ya Mwanzo huitoa kwenye ile inayojulikana kama Fomu namba 4, yenye namba ya shauri la mirathi. Chukua namba hiyo uende masjala ya mahakama husika, uhakikishe mambo matatu: shauri lipo, msimamizi ni huyu huyu anayekuuzia, na hajaondolewa. Kisha angalia kama kiwanja hiki kimo kwenye orodha ya mali za marehemu.

Anaweza kukwambia baba aliwagawia akiwa hai. Basi aonyeshe maandishi ya huo mgao na mashahidi wake, na ndugu zake wayakubali. Akishindwa, mrudishe kwenye mirathi. Mtu hawezi kukupa haki ambayo yeye mwenyewe hana, hata kama anakupa kwa roho safi. Nimeona mnunuzi aliyejenga mpaka lenta (juu ya madirisha) ndipo dada wa muuzaji akatokea mkoani na kufungua shauri Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Muuzaji alikuwa kijana mpole, hakuwa tapeli. Alikuwa na mauziano ya baba, alikuwa na muhtasari, na pesa alikuwa ameshaimaliza. Mnunuzi akabaki anadai mtu asiye na kitu. Tena msidanganyane kwamba muda ukipita kidogo mambo yanaisha: ukomo wa kudai ardhi ni miaka 12.

Kama marehemu ameacha mjane, ongea naye uso kwa uso. Hili la mwanandoa linapuuzwa sana, hata kwa wauzaji walio hai. Sheria ya Ndoa ya 1971 inakataza mwanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina moja. Kuna faili nalikumbuka la nyumba ya Tabata. Muuzaji ana hati halisi mkononi, jina ni lake, kitambulisho ni chake, na ameapa kwa maandishi kwamba hana mke. Tukafanya upekuzi kwa Msajili. Majibu ya upekuzi ni karatasi fupi tu: jina la mmiliki, namba ya hati, kiwanja na kitalu, muda wa umiliki, kisha chini yake mizigo, yaani madai na vikwazo vilivyo juu ya hati hiyo. Hapo chini palikuwa na mistari miwili. Wa kwanza ni rehani ya benki, mkopo ameshaulipa lakini hakuwahi kuandikisha kwamba rehani imefutwa. Wa pili ni zuio, limewekwa na mkewe. Yule mama hakuwa na wakili wala kelele, alikwenda tu kuandikisha kwamba ana maslahi kwenye nyumba aliyoijenga na mumewe, na hilo likatosha kusimamisha mauzo. Mnunuzi alikuwa na pesa kwenye mfuko, tayari kulipa mchana ule.

Kwako wewe upekuzi wa namna hiyo hautakusaidia kama kiwanja hakijasajiliwa, maana Msajili hana cha kukutafutia. Ndiyo maana majirani wanahesabika. Zunguka mipaka na muuzaji, majirani wa pande zote wakiwepo. Kama jirani anasema mpaka ni ule mkorosho na muuzaji anasema ni hatua kumi mbele ya mkorosho, msiendelee mpaka waelewane. Wasaini kwenye mkataba kama mashahidi wa mipaka. Fuata pia mfululizo wa mauziano: baba alinunua kwa nani, na huyo alipata wapi? Omba karatasi zote za nyuma, halisi, si kopi.

Kuhusu mkataba wenyewe, sheria inataka mauziano ya ardhi yawe kwa maandishi. Andikeni bei ya kweli. Watu wanashusha bei ili kupunguza kodi, halafu mauzo yakivunjika mahakamani unarudishiwa kilichoandikwa. Na kwa ardhi iliyosajiliwa haisaidii sana, kwa sababu thamani huangaliwa na mthamini. Kodi ya ongezeko la mtaji, asilimia 10 ya faida kwa mkazi, ni ya muuzaji, na ushuru wa stempu kwa kawaida hubebwa na mnunuzi. Mkataba useme nani analipa nini. Lipa kupitia benki, kwenye akaunti ya muuzaji (kwa mirathi, ya msimamizi), na ubakize sehemu ya pesa mpaka nyaraka zikamilike. Hela taslimu kwenye bahasha ya kaki waachie wengine.

Kwa hiyo kesho usilipe, hata "kishika nafasi". Mwambie kijana alete barua ya usimamizi na namba ya kiwanja na kitalu. Kama hajafungua mirathi na kweli unakipenda kiwanja, mwache akafungue, nawe usubiri. Kama dalali atasema kuna mteja mwingine anakuja jioni, mwambie amuuzie huyo. Ukipata hizo nyaraka, ziweke hapa ukiwa umefunika majina, nitakuambia dirisha gani la kuanzia.