Kuhusu BMW X1 na Lexus NX 300h za kutoka Japani

Ndugu, umeuliza kati ya X1 sDrive18i na NX 300h ipi itakufaa hapa Dar es Salaam, ikiwa bei zake mnadani zinakaribiana. Anza na ushuru, kwa sababu ndipo wengi wetu hukwama gari likiwa tayari bandarini. Ushuru wa forodha ni 25%, halafu ushuru wa bidhaa hufuata ukubwa wa injini: X1 hiyo yenye injini ya cc 1499 hulipa 5%, ilhali NX yenye cc 2493 hulipa 10%. Gari likiwa na miaka 8 hadi 10 huongezwa 15% ya uchakavu, na likizidi miaka 10 huwa 30%, kisha VAT ya 18% hupigwa juu ya jumla yote hiyo. TRA, yaani Mamlaka ya Mapato Tanzania, hutumia thamani yake yenyewe, si lazima ile iliyo kwenye risiti yako, kwa hiyo ingiza gari kwenye kikokotoo chao kabla ya kutuma hata senti.

Kwa foleni za Mwenge, mimi ningechukua NX, maana ni haibridi, yaani ina injini ya petroli na mota ya umeme, na mwendo wa kusimama na kuondoka ndio unaoipa nafasi ya kuokoa mafuta. Ila betri yake ya haibridi ipimwe kwanza. X1 ina buti pana la lita 505, lakini inua zulia lake uangalie: nyingi hazina tairi la akiba.