Maswali ya santuri: Bessie Smith alipoimbia pembe

Shikamoo mzee. Wimbo "Crazy Blues" ni wa Bessie Smith, yule mwimbaji wa bluzi wa Marekani?

Marahaba. Si wake. Ni wa Mamie Smith, mwaka 1920, na hawana udugu. Swali hili limekuja tena na tena. Someni lebo, jamani, imeandikwa.

Nimepata "Downhearted Blues" ya Bessie, nakala iliyosafishwa sauti, haina mkwaruzo hata mmoja. Si ndiyo bora?

Ndiyo mbovu kuliko zote. Bessie aliurekodi New York Februari 1923, kwa kampuni ya santuri ya Columbia, Clarence Williams akimpigia piano. Maikrofoni hapakuwa. Alisimama mbele ya pembe kubwa akaimba humo ndani, na nguvu ya kifua chake ndiyo iliyotikisa sindano ikachora sauti kwenye sahani ya nta. Pembe ile ilinasa sauti za katikati tu. Besi nzito na ncha za juu zilipotea. Sasa hicho kidogo kilichobaki kimekaa pamoja na mikwaruzo. Ukikwangua mikwaruzo, unaondoka na pumzi yake na ulimi wake. Juzi nilizipiga zote mbili, moja baada ya nyingine. Kwenye ile chafu unamsikia akiikamata noti kwa chini, akiipandisha taratibu mpaka ikae. Kwenye hiyo safi yako, ni mtu anaimba chini ya godoro.

Na kasi je, umeiangalia? Santuri nyingi za Columbia za enzi hizo ziliandikwa mizunguko 80 kwa dakika. Mnaizungusha 78, mama wa watu anakuwa mzito, halafu mnaniandikia kwamba siku hiyo alikuwa na huzuni.

Koneti, ile tarumbeta fupi, kwenye "St. Louis Blues" ya 1925 ni ya nani?

Louis Armstrong. Kinachovuma nyuma ni harmoniamu, kinanda cha mivukuto, ya Fred Longshaw, si akordioni.

Santuri hizo zilimtajirisha?

Pesa yake nzuri ilitoka jukwaani. Columbia walimlipa kwa kila upande wa santuri, basi. Mirabaha, yaani fungu la kila nakala inayouzwa, hakupata, hata santuri ikiuzwa kwa malaki. Na "Downhearted Blues" hakuutunga yeye, ni wa Alberta Hunter na Lovie Austin, na Hunter aliurekodi kabla yake, 1922. Nyie vijana mnaosaini mikataba kwa kidole kwenye simu mkiwa ndani ya daladala, litafuteni kwanza neno mirabaha. Msipoliona, shukeni.

Nianze na ipi?

Columbia namba A3844, ndiyo hiyo "Downhearted Blues". Ukimaliza, igeuze, kuna "Gulf Coast Blues". Na usiisafishe.