Poti zilizo wazi kwenye Ubuntu: nifunge zote?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina steshenari hapa Mwanga, Kigoma, natumia Ubuntu 22.04. Waifai ya dukani wateja nao wanaitumia. Nimeandika `sudo ss -tulpn` nikakuta poti 22, 53, 445, 631 na 5353. Nifunge zote? Printa ni ya USB, na kuna kompyuta ya pili inayochukua faili kwenye hii.

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. Zote hapana. Poti huwa wazi kwa sababu kuna programu inayosikiliza hapo. Ukiizima programu, poti imejifunga. Kwa hiyo kabla ya namba, soma anwani iliyoitangulia. Ukiona `127.0.0.53:53` au `127.0.0.1:631`, hiyo kompyuta inaongea yenyewe kwa yenyewe, mteja haifikii hata ashinde kwenye Waifai yako mchana kutwa. Inayoanza na `0.0.0.0` au `[::]` ndiyo inayopokea yeyote.

Sasa itazame 631 kwa makini, maana huenda imetokea mara mbili. Mstari wa udp wenye `0.0.0.0:631` ni wa cups-browsed, inayotafuta printa za mtandaoni. Septemba 2024 ilitangazwa kasoro yake: mtu aliweza kuipachikia kompyuta printa bandia, na ukituma kazi huko, amri zake zinatekelezwa. Kwa steshenari inayoprinti kutwa hilo si la kupuuza. Printa yako ni ya USB, huihitaji:

`sudo systemctl disable --now cups-browsed`

Poti 22 ni SSH. Kama huingii kwenye kompyuta hiyo ukiwa mbali, izime vivyo hivyo kwa jina `ssh`. 5353 ni ya Avahi, programu inayosaidia vifaa vya mtandao mmoja kutambuana, hainisumbui sana.

445 ni Samba, programu ya kushirikisha faili, na unaihitaji kwa ile kompyuta ya pili. Wengi huruhusu mtandao mzima wa 192.168.1.0/24, lakini kwako wateja nao wamo humo humo! Ruhusu kompyuta ya pili peke yake, tuseme anwani yake ni 192.168.1.20, kwa ufw, yaani ukuta wa ulinzi (firewall) wa Ubuntu:

`sudo ufw default deny incoming`
`sudo ufw allow from 192.168.1.20 to any port 445 proto tcp`
`sudo ufw enable`

Ufw huja na Ubuntu ikiwa imezimwa, ndiyo maana ya amri ya tatu. Kisha ingia kwenye ruta uitengee kompyuta hiyo anwani ya kudumu, la sivyo siku ruta ikiibadilishia, faili hazitafunguka na utaanza kulaumu Samba bure.