Kalamu kwa nakshi, kipanya kwa vipimo

Nachora milango na samani kwa kompyuta, michoro ambayo maseremala wa hapa Mombasa huifanyia kazi. Vijana wanaoanza kazi hii huniuliza sana kama wanunue tableti ya kalamu, ile isiyo na skrini, inayochomekwa kwa USB. Nunua, ila usitarajie kuchora nayo mlango mzima.

AutoCAD, programu ya kuchora kwa vipimo, haijali umekandamiza kalamu kwa nguvu gani. Vile viwango 8,192 vya mkandamizo vinavyonadiwa kwenye boksi havikusaidii chochote unapoandika 2100 kwenye kibodi kuweka urefu wa mwimo, yaani mhimili wa pembeni mwa mlango, kwa milimita. Unachohitaji hapo ni ncha itulie mahali pamoja, na kalamu huyumba kidogo kila inapogusa ubao wa tableti; ndiyo maana kubofya mara mbili hugoma. Ingia kwenye mipangilio ya draiva, ile programu inayoendesha tableti, upanue eneo la kubofya mara mbili. Kitufe kimoja cha kalamu kipe kazi ya gurudumu la kipanya, la sivyo kusogeza mchoro ndani ya AutoCAD au kuuzungusha ndani ya SketchUp, programu ya michoro ya pande tatu, kutakutoa jasho. Hata hivyo, vipimo mimi navipiga kwa kipanya. Wapo wenzangu walioumwa na kifundo cha mkono wakahamia kalamu moja kwa moja, nao siwabishii.

Sasa nakshi. Pita Ndia Kuu pale Mji wa Kale, simama mbele ya mlango wowote wa zamani uliosalia, uangalie mwimo na mfaa, ule ubao wa katikati zinapokutana mbao mbili za mlango: majani yamepanda juu, mnyororo umezunguka ukingoni, waridi limekaa kwenye kizingiti cha juu. Jani la namna ile huliandiki kwa namba, na ukilichora kwa kipanya linatoka gumu, limekakamaa. Hapo ndipo kalamu inaporudisha pesa yake.

Naanzia Krita, programu ya kuchora kwa mkono, ambayo ni ya bure. Picha ya mlango naiweka tabaka la chini na kuififisha, kisha nachora juu yake. Waridi nalichora nusu tu, kioo cha programu kinamalizia nusu ya pili. Kuna pia kifaa cha kutuliza mkono. Kiongeze kidogo, kwani ukikizidisha mstari unabaki nyuma ya kalamu na ua linapoa.

Jambo ambalo sioni likisemwa ni ukubwa wa brashi. Seremala mmoja mzee ninayefanya naye kazi huweka kidole juu ya mchoro na kusema, "Mwanangu, hapa patasi haipiti," na mjadala unaishia hapo. Basi turubai naifungua kwa milimita, na msongamano wa pikseli 254 kwa inchi. Kwa hesabu hiyo milimita moja ni pikseli 10 kamili. Patasi yake nyembamba kabisa ikiwa ya milimita 6, brashi yangu ya kuchorea mabonde ya nakshi ni pikseli 60, na mkandamizo nauzima ili unene usibadilike. Pengo lisiloingia brashi, chuma nacho hakiingii.

Mchoro ukienda kwenye CNC, mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta, badala ya patasi, upitishe kwanza Inkscape, programu ya michoro ya kivekta. Mistari ya mkono ikigeuzwa kuwa ya kivekta, yaani mistari ya hesabu badala ya pikseli, huja na nukta chungu nzima, na mashine husitasita kwenye kila kona ndogo. Bonyeza Ctrl na L zipungue, angalia umbo halijaharibika, kisha hifadhi kama DXF, aina ya faili ambayo AutoCAD huifungua. Ukiufungua ndani ya AutoCAD, tumia amri ya SCALE kwa chaguo la Reference: shika umbali mmoja unaoujua, mathalani upana wa mwimo, na vingine vyote vitaufuata.

Kabla ya hayo yote, tengeneza uwiano. Draiva isipoambiwa ilinganishe umbo la ubao na la skrini, mkono unazunguka duara na skrini inaonyesha duara lililobonyea. Wenye skrini mbili waifunge kalamu kwenye moja. Na kama kwenye Windows kila ukishikilia ncha kinatokea kiduara na mstari unachelewa, zima ule utaratibu wa kubonyeza na kushikilia.

Ukubwa? Wa kati, unaokaribia karatasi ya A5, unatosha. Tableti zenye skrini ni nzuri, ila nyingi zinataka waya zaidi na umeme wake, na stima ikipotea unabaki unaitazama. Isiyo na skrini inanyonya kidogo tu kwenye laptopu, kazi inaendelea. Msimu wa kaskazi mkono hunata kwenye ubao kwa jasho, kwa hiyo ile glavu ya vidole viwili, ambayo wengi huiona ya madoido, huku pwani ni lazima. Ncha nazo huisha, nunua za akiba.

Ukinunua ya mtumba, usikubali "kalamu utapata nyingine." Kalamu nyingi hazikubali ubao wa modeli tofauti, hata za kampuni moja. Mwambie muuzaji aichomeke papo hapo, tikisa waya kwenye tundu uone kama inakatika, kisha vuta mstari wa mshazari polepole kutoka kona hadi kona. Ukitoka na mawimbi, mrudishie.