Maswali ya Wasafiri: Gari Uliache Wapi Ukipanda Ndege?

SWALI: Dada, habari za kazi. Mi naishi Reading, Uingereza, mwezi wa saba mwishoni nasafiri na wanangu watatu kwenda Dar, tunakaa wiki nne, tunaondokea uwanja wa ndege wa Heathrow, London. Mabegi makubwa ni nane, vya mkononi hata sijahesabu. Nimeangalia bei ya paking ya uwanja wenyewe nikafunga simu. Sasa nimeona onlaini kampuni ambayo dereva wao anakuja kukupokea pale pale terminal, unampa ufunguo anaondoka na gari, ukirudi anakuletea, na bei ni karibu nusu. Shoga yangu anasema nisithubutu. Nimsikilize?
Mama wa watatu, Reading

JIBU: Mama wa watatu, pole na pilikapilika za safari. Kabla hatujafika kwenye hiyo kampuni naomba ufanye hesabu moja kwanza, maana watu wengi wanairuka. Paking inakula kwa siku, teksi haijali unakaa siku ngapi. Anayekwenda siku nne tano, paking ya nje ya uwanja mara nyingi inampa nafuu kweli, lakini wiki nne ni kitu kingine kabisa. Piga simu kwa madereva wawili watatu wa hapo Reading wenye gari la watu wanane, uliza bei ya kwenda na kurudi ukiwatajia mabegi yote nane usifiche hata moja, halafu iweke hiyo bei pembeni ya bei ya paking. Usishangae teksi ikishinda, na hapo gari lako linabaki mlangoni kwako, betri haijafa, na hakuna mtu mwenye ufunguo wako. Kuna pia basi la RailAir linalotoka stesheni ya Reading mpaka Heathrow, hilo ni zuri sana kwa mtu mwenye begi moja mawili, lakini wewe na watoto watatu na mizigo hiyo, mi nisingekushauri.

Ukiona bado paking inakufaa, basi jua ziko za aina mbili. Moja unaendesha mwenyewe mpaka kwenye yadi yao nje ya uwanja, unapaki, basi dogo linakupeleka terminal. Ya pili ndo hiyo ya kukabidhi ufunguo. Ya pili ni tamu ukiwa na watoto na mizigo, hilo sikatai, na kampuni za kweli zipo na zinafanya kazi vizuri miaka yote. Shida ni kwamba ukishampa mtu ufunguo huoni tena gari linakwenda wapi. Maeneo ya Gatwick, uwanja mwingine wa ndege wa London, yamewahi kukutwa magari ya wasafiri yamejazana kwenye mashamba yenye matope, mengine yameachwa mitaani kwa watu, na wenyewe walilipia yadi yenye ulinzi.

Kwa hiyo shoga yako ana hoja, ila usimkatae kila mtu, waulize. Swali la kwanza, gari langu linalala wapi, nipeni postikodi. Wakikupa, ingia kwenye ramani ya setilaiti uangalie kama ni yadi yenye uzio au ni kiwanja tu. Wakizunguka zunguka bila kutaja mahali, achana nao saa hiyo hiyo. Pili angalia kama hiyo yadi ina alama ya Park Mark, ile inatolewa kwa yadi zilizokaguliwa usalama, na usiridhike na kuiona nembo kwenye tovuti yao maana picha kila mtu anaweza kubandika, nenda kwenye tovuti ya Park Mark yenyewe utafute jina la yadi. Tatu uliza bei hiyo ina nini ndani. Kampuni nyingi zinakutana na wateja kwenye paking ya muda mfupi ya terminal, na pesa ya kutoka getini wakati mwingine wanakuachia wewe, kwenda na kurudi. Uliza pia ndege ikichelewa ikavuka saa sita usiku wanakuhesabia siku nyingine au la.

Hapo hapo kuna hela nyingine watu wanaisahau. Heathrow wanatoza gari linaloshusha abiria mbele ya mlango wa terminal, walianza Novemba 2021 kwa pauni 5 na imekuwa ikipanda, na hamna geti wala mtu wa kupokea pesa, kamera inasoma namba ya gari na unatakiwa ulipe mwenyewe mpaka saa sita usiku ya siku inayofuata. Kwa hiyo hata shemeji akikupeleka bure, mkumbushe, la sivyo barua ya faini itamfikia wewe ukiwa Kariakoo.

Na ufunguo, mama, tafadhali toa ufunguo wa gari peke yake. Usimpe mtu rundo lenye ufunguo wa nyumba. Anajua tarehe unayoondoka na tarehe unayorudi, na ukiacha anwani ya nyumbani imehifadhiwa kwenye ramani ya gari unakuwa umempa na njia ya kufika. Futa hiyo anwani, toa barua zote kwenye kidroo cha mbele, na kadi ya usajili wa gari isikae humo ndani.

SWALI: Mambo vipi dada. Niko Leicester, nakwenda Nairobi siku kumi, ndege inaondoka Heathrow asubuhi mapema. Nikiendesha usiku naogopa usingizi. Wenzangu wanasema kuna hoteli ukilala usiku mmoja wanakuachia gari mpaka urudi. Inalipa kweli?
Kijana wa Leicester

JIBU: Kwa siku kumi, na unatoka mbali hivyo, mara nyingi inalipa, na hata kama itazidi pauni chache mi ningechukua, kwa sababu kuendesha saa nane usiku na uchovu wa kufunga mizigo ni hatari na hakuna nafuu ya paking inayofidia hilo. Hoteli nyingi za hivyo ziko Bath Road, kaskazini mwa uwanja. Ukibuku chumba na paking pamoja bei inashuka kuliko kununua kimoja kimoja, ila soma vizuri: gari linabaki kwenye kiwanja cha hoteli au wanalihamishia kwa kampuni nyingine? Maana wengine wanauza tu kwa niaba ya ile paking ya ufunguo tuliyoongelea hapo juu. Basi la kwenda terminal je, liko kwenye bei au kila kichwa kinalipa? Na hakikisha unajua terminal yako, kwa sababu 4 na 5 ziko mbali na 2 na 3, huwezi kutembea kwa mguu.

Ukiwa na begi moja tu kuna njia nyingine rahisi, watu wanakodisha sehemu ya kupaki mbele ya nyumba zao kupitia programu kama JustPark. Ukipata nyumba karibu na stesheni ya Hounslow West, treni ya Piccadilly inapita Hatton Cross halafu inaingia Heathrow. Lakini kwa ndege ya alfajiri angalia kwanza treni ya kwanza inapita saa ngapi. Na bei zote hizi buku mapema, zinapanda kadiri tarehe inavyosogea, na kufika tu getini bila kubuku ndo ghali kuliko zote.

SWALI: Dada yangu nina hasira. Nimerudi kutoka Mombasa, gari nililoliacha kwenye kampuni ya paking lina maili ambazo sizijui, bampa limekwaruzwa, na nyumbani nimekuta barua mbili, moja ya kupita njia ya mabasi na nyingine ya mwendo kasi, tarehe zote nilikuwa sipo nchini. Kampuni hawapokei simu. Nilipe?
Baba wa Luton

JIBU: Pole sana baba, una haki ya kukasirika. Kwanza usizikalie hizo barua hata siku moja zaidi. Ya mwendo kasi inakutaka utaje nani alikuwa anaendesha, una siku 28, na kunyamaza ni kosa jingine peke yake hata kama hukuwepo. Jibu kwa maandishi, taja kampuni na anwani yao, ambatanisha risiti ya kubuku na tiketi ya ndege. Ya njia ya mabasi ni tofauti, hiyo sheria inamfuata mwenye gari, kwa hiyo andika pingamizi na ushahidi huo huo, ila fahamu wanaweza wakakataa, na hapo itabidi ulipe halafu uidai kampuni. Ukilipa ndani ya siku 14 kawaida ni nusu.

Kuhusu bampa na maili, kama una picha za siku uliyokabidhi una nguvu. Piga na za sasa, waandikie barua pepe ukitaja kiasi unachodai na tarehe ya mwisho ya kujibu. Ulilipa kwa kadi ya mkopo? Kama huduma ilizidi pauni 100, kifungu cha 75 cha sheria ya mikopo ya 1974 kinakuruhusu uidai benki pamoja na kampuni, japo kama ulibuku kupitia tovuti ya kulinganisha bei benki inaweza ikaleta ubishi. Kama ulilipa kwa kadi ya kawaida ya benki, nao benki waombe warudishe malipo. Na wapelekee taarifa watu wa Trading Standards, wale wa serikali za mitaa wanaosimamia haki za wateja, ili na mwingine asiingie.

Wengine mnaosoma hapa, siku ya kukabidhi piga picha pande zote nne, dashibodi ikionyesha maili na mafuta, mbele ya huyo dereva. Kifaa kidogo cha kufuatilia chini ya siti nacho kinasaidia sana. Angalia MOT, ule ukaguzi wa gari wa kila mwaka, isiishe ukiwa safarini. Na bima jamani! Tarehe 10 Oktoba 2023 jengo la paking pale uwanja wa Luton liliungua, magari zaidi ya 1,400 yakateketea, na hiyo ilikuwa paking ya uwanja wenyewe. Mwenye bima ya kufidia watu wengine tu hiyo haimlipi gari lake. Wapigie bima kabla, waulize pia kama wanakulinda dereva wa paking akiwa ndo anaendesha.

SWALI: Sisi wa Dar umetusahau. Naishi Mbezi Beach, naenda Dubai siku sita kufata mzigo. Gari niache Terminal 3, au kwa binamu yangu Ukonga?
Mfanyabiashara, Dar

JIBU: Kwa binamu, kama ana geti na unamwamini na ufunguo, halafu akupeleke yeye au uchukue Bolt, kutoka Ukonga ni karibu tu. Mwambie aliwashe mara moja katikati ya wiki, na mkubaliane wazi kama anaruhusiwa kulitumia au la, hilo lisemwe kabla hujaondoka. Ila ukirudi usiku na mzigo mkubwa wa biashara mambo yanabadilika, hapo lipa tu paking ya uwanja, au gari lisitoke kabisa Mbezi na umwite dereva unayemfahamu mwenye gari la mizigo akusubiri.