Windows imepanda, kasi imeshuka: Dada Fundi anajibu

Tangu Microsoft waache kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, barua za kona hii zinaimba wimbo mmoja: nimepanda kwenda 11, mashine imekufa mwendo. Nimechagua nne, tatu za huku Moshi na moja ya Arusha. Wengine wenye tatizo kama hilo someni jibu la kwanza hata kama ninyi si watu wa steshenari.

Habari za kazi, Dada Fundi. Nina steshenari ndogo Majengo. Laptopu yangu ni ya mtumba, i5 kizazi cha 8, RAM GB 8, na kwenye Windows 10 haikuwahi kunisumbua. Mwezi uliopita nikakubali kupanda 11. Sasa nawasha asubuhi, nafagia duka, nadeki, bado haijatulia. Mteja anataka kopi ya cheti, anasubiri weee, mwisho anaenda duka la pili. Kijana mmoja kaniambia niongeze RAM iwe 16, mwingine anasema nipige Windows upya. Nimfuate yupi? — Mama wa Steshenari

Mama, pole sana. Kwanza usimfuate yeyote. Kabla hujatoa hata shilingi, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, itafunguka Task Manager. Fanya hivyo asubuhi, palepale inapogoma, si jioni ikiwa imeshatulia, maana homa hupimwa ikiwa mwilini. Juu utaona CPU (prosesa, ubongo wa kompyuta), Memory (yaani RAM, meza yake ya kazi) na Disk. Kwa jinsi ulivyoeleza, nategemea Disk iwe imeganda kwenye asilimia 100 huku CPU inasinzia kwenye 10 au 15.

Ukishaona hivyo, nenda Performance ubofye Disk 0. Chini ya jina lake pameandikwa HDD au SSD, ile diski ya kisasa isiyo na kitu kinachozunguka. Laptopu nyingi za mtumba zinazoingia mjini huku bado zina HDD, ile diski ya sahani inayozunguka, mara nyingi mizunguko 5,400 kwa dakika, na mkono mdogo unaokimbia huku na huku juu yake kutafuta faili. Faili moja kubwa inaisoma vizuri tu. Kinachoitesa ni vifaili maelfu vinavyoitwa kwa pamoja. Na baada ya kupanda Windows hicho ndicho kinachotokea: orodha ya kutafutia faili inajengwa upya, Defender, mlinzi wa virusi wa Windows, inapekua folda moja baada ya nyingine, masalia ya apdeti yanamaliziwa, na wewe hapo katikati unaomba Word. Ndiyo maana Disk itasoma asilimia 100 lakini ukiangalia kinachopita ni MB 1 au 2 kwa sekunde. Kazi ni ndogondogo ila ni nyingi, na mkono ni mmoja.

Sasa muangalie yule kijana wa RAM. Bofya Memory. Kama asubuhi hiyo inatumia GB 5 kati ya 8, ukiongeza hadi 16 utakuwa umenunua nafasi tupu na foleni ya diski itabaki vilevile. Kama imejaa kupita asilimia 85 na hujafungua kitu zaidi ya Word na kivinjari, hapo ana hoja, kwa sababu Windows ikibanwa kwenye RAM huanza kuhamishia mizigo kwenye diski hiyohiyo iliyoelemewa. Hapohapo chini pameandikwa Slots used. Ikiwa ni 1 of 2, kuna tundu moja wazi, huna haja ya kutupa RAM uliyonayo. Ikiwa kwenye Form factor pameandikwa Row of chips, RAM imechomelewa kwenye ubao wenyewe, na anayekuambia ataiongeza muulize ataiweka wapi.

Wa kupiga Windows upya simpendi kabisa kwenye kesi yako. Itakuwa nyepesi siku za mwanzo kwa sababu haina kitu, kisha diski ni ileile. Na mitihani ya walimu na picha za paspoti za wateja zitakuwa zimeondoka.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa maduka hawaambiwi. Windows imepangiwa kufanya usafi wake wa ndani saa nane usiku. Wewe saa moja jioni umeshafunga na kuzima. Ikikosa usiku, inasubiri iwashwe na ione hakuna anayeigusa, yaani ule muda ambao umeiwasha halafu umeshika fagio. Mteja wa kwanza anaikuta katikati ya shughuli. Kwa hiyo chagua usiku mmoja, ibebe nyumbani, ichomeke kwenye chaja, iunganishe na intaneti, nenda Settings, System, Power uipangie isilale ikiwa kwenye umeme, kisha iache hadi asubuhi. Umeme ukikatika ina betri yake.

Kesho yake bonyeza Restart. Si Shut down. Watu wananibishia sana hapa, lakini Windows ina mpangilio wa kuwaka haraka: ukiizima inahifadhi kiini chake kwenye diski na kukirudisha hivyohivyo ukiwasha, na uchafu wake. Restart ndiyo inayoanza upya kweli. Kama huamini, fungua Performance, CPU, usome Up time. Utakuta kompyuta unayoizima kila jioni inadai imewaka siku chungu nzima.

Ukifanya yote hayo na Disk ikaendelea kuganda, na ni HDD, basi hela yako iende kwenye SSD. GB 256 zinakutosha. Usiende dukani kabla ya kufungua mfuniko wa chini: kuna mashine za SSD ya inchi 2.5 na kuna za M.2, kile kibao chembamba, na hizo M.2 nazo ziko za SATA na za NVMe. Kwa umbo zinakaribiana sana, lakini ukichomeka isiyo yake kompyuta haitaiona. Mwambie fundi ahamishe mfumo wote kutoka diski ya zamani kwenda mpya. Kufanya hivyo hakufuti faili zako. Ila kama Average response time ya Disk 0, yaani muda diski inaochukua kujibu, inasoma mamia au maelfu ya milisekunde wakati hujafungua chochote, wacha kusoma ukurasa huu, nakili faili zako kwenye diski ya nje leo. Diski hiyo inakufa, na Windows 11 haikuiua, imeikuta hoi.

Dada, mimi niko ofisi ya safari, Sakina, Arusha. Natumia hotspoti ya simu. Tangu nipande Windows 11, bando la wiki linaisha siku mbili, na nikiwa hewani kompyuta inakuwa nzito. Nikizima data inachangamka. Nimeingiliwa na virusi? — Mpanga Safari

Sidhani. Angalia kona ya chini kulia kama kuna kialama cha wingu. Hiyo ni OneDrive, ghala la mtandaoni la Microsoft, na kuna uwezekano mkubwa kwamba wakati wa kupanda ulibonyeza Next ukairuhusu ihifadhi Desktop, Documents na Pictures zako mtandaoni. Nawajua watu wa safari: Desktop imejaa picha za simba wa Ngorongoro na tembo wa Tarangire, kila moja MB kadhaa, na zote sasa zinapandishwa kwa bando lako. Bofya wingu, simamisha, kisha kwenye mipangilio yake ondoa folda usizotaka. Usifute picha kwanza; hakikisha kila moja bado iko kwenye kompyuta yenyewe.

Pili, fungua Settings, Network & internet, Wi-Fi, ingia kwenye sifa za hotspoti yako na uwashe Metered connection. Windows itajua kuwa mtandao huo unalipiwa kwa kipimo na itazuia apdeti nyingi. Zima na Delivery Optimization, ambayo hupakua vipande vya apdeti kutoka kompyuta za wengine na kuwagawia vya kwako. Apdeti zenyewe usizikimbie moja kwa moja. Zipe siku ukiwa kwenye mtandao usiohesabiwa.

Binti yangu, hujambo? Mimi ni mstaafu wa Machame na katibu wa ukoo, naandika kumbukumbu za vikao kwenye laptopu aliyoniachia mwanangu. Alipokuja Desemba aliiwekea Windows 11. Inaanza vizuri, ikifika nusu saa inavuma, inachoma mapajani, na herufi zinatokea baada ya mimi kumaliza neno. Chaja ya kwanza iliungua, nikanunua nyingine mjini. Je, nimwambie mwanangu airudishe ilivyokuwa? — Katibu wa Ukoo

Shikamoo mzee. Sijambo, nashukuru. Usimsumbue kijana kwanza, maana neno lako la "mapajani" limenipa pa kuanzia. Baridi ya Machame naijua, na naona kabisa kwamba mapajani hapo kuna blanketi. Laptopu nyingi huvuta hewa kwa chini na kuitoa ubavuni au kwa nyuma. Blanketi likiziba chini, prosesa inapata joto, na ili isiungue inapunguza mwendo wake yenyewe. Joto huchukua muda kujijenga, ndiyo maana nusu saa ya kwanza unaandika kwa raha.

Hakikisha hivi. Fungua Task Manager kama nilivyomwelekeza Mama wa Steshenari, Performance, CPU. Kuna Base speed, tuseme 1.60 GHz, na kuna Speed inayopanda na kushuka. Ukianza asubuhi itapanda juu ya hiyo 1.60. Itazame tena ikianza kuvuma. Kama imeshuka chini ya Base speed na wakati huohuo unaandika na kusubiri herufi, ni joto.

Iweke mezani, au juu ya ubao mgumu ukipenda kukaa kitandani. Halafu ukiteremka mjini, ipitishe kwa fundi aifungue asafishe feni. Simama naye. Feni ashikilie kwa kijiti isizunguke anapopuliza vumbi, kwa sababu ikizungushwa kwa nguvu ya upepo inaweza kuharibika, na asipulize kwa mdomo, mate ni maji. Kati ya feni na zile bati nyembamba za kupoozea huwa panajikusanya vumbi lililoshikana hadi linatoka kipande kizima. Mwambie abadilishe na ile dawa ya kupitisha joto juu ya prosesa. Ya zamani huwa imekauka.

Kwa nini ianze baada ya Windows mpya? Vumbi lilikuwepo na blanketi lilikuwepo. Mfumo mpya umeongeza kazi za chinichini, na kile kilichokuwa kinavumilika kikavuka mpaka.

Chaja nayo tuipime, mzee. Zipo laptopu ambazo chaja yake ina pini nyembamba katikati, na pini hiyo ndiyo inayoitambulisha chaja kwa kompyuta. Ikiwa ya bandia au imepinda, kompyuta hupunguza kasi ya prosesa kwa kuogopa umeme hautatosha. Speed inaganda kwenye 0.4 au 0.8 GHz tangu dakika ya kwanza. Chomoa chaja, andika kwa betri. Ikichangamka ghafla, mwenye kosa ni chaja, na hapo Windows ya mwanao haihusiki.

Dada Fundi, mimi mwanafunzi wa chuo, Moshi. Laptopu yangu ni i5-6300U, RAM GB 4. Jamaa wa hosteli aliipandisha Windows 11 "kwa njia ya panya". Video zinakatakata, hata kuburuta dirisha linaacha mkia. Naweza kurudi 10? — Mwenye Majuto

Mdogo wangu, hiyo 6 baada ya mstari ndiyo kizazi cha prosesa yako. Kwa Intel, Microsoft wanaikubali Windows 11 kuanzia kizazi cha 8 na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Jamaa amekwepa ukaguzi, na kompyuta ya namna hiyo haina uhakika wa kupata apdeti.

Mkia wa dirisha una sababu ya karibu zaidi. Bofya kulia kitufe cha Start, ingia Device Manager, fungua Display adapters. Ukikuta Microsoft Basic Display Adapter badala ya jina la Intel, draiva ya picha (programu inayoiendesha chipu ya picha) haijaingia na prosesa inachora kila kitu yenyewe. Ingia kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza laptopu yako, tafuta modeli yako kamili, pakua draiva ya Windows 10 kama ya 11 haipo. Mara nyingi inafanya kazi. Usipakue zile programu zinazojitangaza kutafuta draiva zote kwa mbofyo mmoja. Zinaleta wageni.

Kurudi kunawezekana ndani ya siku 10 tu tangu kupanda: Settings, System, Recovery, Go back. Mfumo wa zamani umehifadhiwa kwenye folda ya Windows.old, na baada ya siku hizo Windows inaifuta. Kwa hiyo kama bado uko ndani ya muda, asikudanganye mtu uifute ili "kupata nafasi". Muda ukipita, kurudi maana yake ni kupiga Windows 10 upya baada ya kunakili kazi zako, kisha kujiandikisha kwenye mpango wa nyongeza ya ulinzi ambao kwa watu binafsi unafika tarehe 13 Oktoba 2026.

Ningekuwa na mashine hiyo ya GB 4, ningeijaribu Linux Mint ya Xfce, mfumo mwepesi wa bure unaokaa badala ya Windows. Unaiweka kwenye fleshi, unawasha kutoka hapo, unaitumia bila kufuta chochote. Jaribu Wi-Fi ya hosteli, jaribu sauti, fungua video ileile inayokatakata, na ufungue ile ripoti yako ya Word kwenye LibreOffice, programu ya bure ya kuandikia, uone kama majedwali yamekaa sawa. Kama mhadhiri wako anadai programu inayokubali Windows peke yake, ulizia hilo kabla ya kusakinisha. Na wakati wa kujaribu kupitia fleshi itakuwa nzito kidogo, usiihukumu kwa hapo.