Kuhusu kusawazisha mteremko kando ya ziwa
Ndugu, umeuliza kama ulete tingatinga lisawazishe mteremko kabla ya kujenga. Nakusihi, usifanye hivyo. Ukishaukata, mvua kubwa ya kwanza itashusha udongo hadi ziwani, na maji uliyoyafuata yatageuka tope. Inua nyumba juu ya nguzo, sakafu ipande na kushuka kufuata ardhi ilivyo. Matete ya ufukweni yaache kabisa! Mizizi yake ndiyo inayoshika ukingo, na vifaranga vya samaki hujificha humo. Njia ya kwenda majini iwe nyembamba, yenye kona. Ikinyooka itakuwa mfereji. Paa lisizidi vilele vya miti, rangi ifanane na magome. Shimo la choo lichimbwe mbali na ziwa uwezavyo, lisifikie maji ya ardhini.